Heri wa Nani

Mama Consolée, mwalimu wetu wa uuguzi pale Kasongo, alikuwa na maswali matatu, na hakuna aliyepita mbele yake bila kuyajibu. Jina yako nani? Wa nani? Wa wapi? Aliwauliza wagonjwa, aliwauliza ndugu zao, na hata mwanamke wa sokoni aliyekuwa akimuuzia mikate kwa miaka sita hakupona. Mwanamke yule alijibu huku akicheka, "Ni mi Nadine, wa Saidi, wa kule nyuma ya musikiti, na wewe unanijua." Mama Consolée hakucheka. Alichukua mikate yake akaenda zake.

Sisi wanafunzi tulimpa jina la Mama Wa-Nani. Nalisema kwa aibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyelianzisha. Naitwa Elsa, na nina mdomo. Mama yangu ameniambia mara nyingi kwamba mdomo uliponza kichwa, na kama changu bado kiko shingoni ni kwa rehema ya Mungu tu. Nilifika shule ile nikiwa na miaka kumi na tisa, nikidhani uuguzi ni kujua kuchoma sindano.

Mwezi mzima wa kwanza hatukuigusa sindano. Tulinawa mikono. Tulinawa kati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye kifundo, naye amesimama nyuma yetu akihesabu kwa sauti. Tulijifunza kumgeuza mgonjwa bila kumvuta kama gunia la muhogo. Tulijifunza kusoma karatasi ya dawa mara tatu: unapoichukua, unapoiandaa, na unapokuwa umesimama mbele ya mwenyewe. Na damu ilikuwa na sheria yake. "Mukiwekea mutu damu," alisema, "robo saa ya kwanza munakaa pembeni yake. Hata kama nyumba yako inawaka moto, unakaa." Nilimwona mkali bila sababu, na nilisema hivyo kwa kila aliyekuwa na masikio.

Siku moja alimwita Hervé mbele ya darasa. Hervé alikuwa kijana mrefu, mwoga wa walimu. Mama Consolée akamtazama machoni na kumuuliza kwa haraka, "Wewe ni Gédéon?"

"Ndiyo, madame," akasema Hervé.

Tukaangua kicheko. Mama Consolée akangoja mpaka tukanyamaza. "Basi umekwisha kufa," akamwambia. "Dawa ya Gédéon imekuua. Wewe mwenyewe ndiye ulijibu ndiyo, na uko muzima, umekula asubuhi. Mugonjwa atasema nini? Musipatie mugonjwa jina. Mumuache aitoe yeye mwenyewe, na jina ya baba, na jina ya mugini kwenye anatoka."

Halafu akaketi, jambo ambalo hakulifanya darasani, akatusimulia habari ya muuguzi mmoja.

Muuguzi huyo, alisema, alifanya kazi katika hospitali ndogo kwenye barabara ya Kabambare, miaka kumi na mbili iliyopita. Ilikuwa majira ya mvua, malaria imejaa, na watoto walilazwa wawili wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Kitanda cha nne walilala wavulana wawili, wote wa mwaka mmoja na kitu, na wote wawili wanaitwa Heri. Mama zao walichekea jambo hilo. Kila mmoja alikuwa Mama Heri, basi wakaacha majina yao na kuitana "Majina," kama watu wanaochangia jina wanavyoitana kwetu. Mmoja alikuwa Odile, mke wa Placide, mkulima wa Kamusonge. Mwingine alikuwa Chimène, mke wa Moustapha. Walipika chungu kimoja, wakachangia sabuni, na mmoja akitoka mwenzake alimshikia mtoto.

Wale watoto wote wawili walikuwa wameishiwa damu. Asubuhi moja Placide na Moustapha walipelekwa maabara, kila mmoja akatoa damu kwa ajili ya mwanawe. Mchana damu ya Moustapha ilikuwa tayari. Muuguzi alikuwa peke yake na watoto thelathini. Akauchukua ule mfuko wa damu, akasoma Heri, akaingia ndani ya wodi na kuita, "Mama Heri iko wapi?"

Odile alikuwa ametoka kwenda mtoni kufua nepi. Chimène ndiye aliyekuwa ameketi kitandani, na mapajani mwake amempakata mtoto wa Odile aliyekuwa analia. Wake mwenyewe alikuwa amelala nyuma yake ukutani.

"Niko huku," akaitika Chimène.

"Huyu ni Heri?"

"Ndiyo, madame. Ni Heri."

Chimène hakusema uongo. Yeye alikuwa Mama Heri, na mtoto yule alikuwa Heri. Alifikiri zamu ya mtoto wa mwenziwe imetangulia, akafurahi, akamshika mkono vizuri ili asicheze. Muuguzi akaingiza mrija, akafungua damu, akaitwa kwa mtoto mwingine aliyekuwa na degedege, akaenda. Aliporudi baada ya nusu saa mtoto alikuwa anatetemeka, na mkojo wake ulikuwa mwekundu unaokaribia weusi. Akafunga mrija. Hapo ndipo aliposoma mstari wa pili kwenye ule mfuko, ulioandikwa kwa wino uleule, mkubwa vilevile: wa Moustapha.

Damu ya Moustapha haikuwa ya aina inayopatana na ya mtoto wa Odile. Alikufa kabla jua halijazama.

Mama Consolée akamalizia kwamba damu ya Placide ilikuwa imebaki maabara, na kwa bahati ilimfaa yule Heri mwingine. Wakamwendea Placide, maiti ya mwanawe bado iko mikononi, wakamuomba. Placide akasema, "Mumupe. Heri ni Heri." Mtoto wa Chimène akapona kwa damu hiyo. Sasa yuko darasa la sita.

Ndipo mimi na mdomo wangu tukanyoosha mkono. "Madame, na yule mama? Walimuambia nini?"

"Walimuambia ni malaria," akasema. Akafunga daftari, akatoka, na kengele ilikuwa haijagongwa.

Kila kiangazi, shuleni kwetu, ilifika bidoni, dumu la njano la mafuta ya mawese, imefungwa nyuma ya pikipiki ya kijana mmoja anayeitwa Atumani. Ilikuwa zawadi ya Mama Consolée, lakini yeye hakuionja. Aliipeleka jikoni kwa wanafunzi. Tulikaangia ndizi, tukapikia sombe ya majani ya muhogo, tukasifu mafuta yale kuliko ya sokoni. Siku mbili baada ya somo lile, Atumani alifika na bidoni, na kwa kuwa Mama Consolée hakuwepo, akanikabidhi mimi.

"Mumuambie imetoka kwa Mama Heri, kule Kamusonge," akasema. "Anamusalimia sana. Na mumuambie wamefiwa. Mama mukwe wake, Émérance, alikufa. Iko wiki tatu sasa."

Nilibaki nimeshika ile bidoni. Sikuwa mwerevu sana darasani, lakini hilo halikuhitaji werevu. Miaka kumi na mbili Odile, mama wa yule Heri aliyekufa, alikuwa akimtumia mafuta ya shukrani muuguzi aliyehangaika na mtoto wake, na sisi tulikuwa tunayala. Nilikumbuka ndizi nilizokula na kuramba vidole. Nikalia pale jikoni, na wenzangu wakadhani nimefiwa mimi.

Jioni nilimpelekea salamu. Nikazisema zote, na jina la Émérance, na wiki tatu. Alikuwa anakunja mashuka. Akaendelea kuyakunja mpaka la mwisho.

"Umejua," akasema.

"Ndiyo, madame."

"Kila mwaka ninasema, mwaka huu nitaenda. Barabara inaharibika, kazi inakuwa mingi, ninasema kiangazi ijayo. Kila mwaka ninawapatia wanafunzi ile habari na hakuna mwenye kuuliza juu ya mama. Wanauliza aina ya damu." Akaliweka shuka juu ya mengine. "Uko na nguvu ya kukaa juu ya pikipiki siku nzima?"

Sijui kwa nini alinichukua mimi. Labda aliogopa kwamba akienda peke yake atafika, atatoa pole, atakunywa maji, na kurudi kama alivyokwenda. Kwa mtu niliyemwona kuwa jiwe, hofu hiyo ilinitia huruma kuliko machozi.

Tuliondoka na Atumani siku ya pili, watu watatu juu ya pikipiki moja, na begi la sukari, sabuni na kitenge kwa ajili ya pole. Barabara ya Kabambare haina haja ya kuelezwa. Anayeijua anaijua, na asiyeijua ashukuru. Mara nne tulishuka kusukuma. Mama Consolée alisukuma kama sisi, viatu vyake vya turubai vimejaa tope, na njia nzima hakusema neno. Mara moja tu, tulipopumzika chini ya paa la duka, alimuuliza mwenye duka jina lake nani, wa nani, wa wapi. Yule mtu akajibu kwa adabu, akidhani ni mambo ya uchaguzi.

Kamusonge ni nyumba chache kando ya njia. Odile alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anachambua karanga kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa cha matanga, na mgongoni amembeba mtoto wa kike mwenye miguu mirefu inayokaribia kugusa chini. Mtoto wa umri ule habebwi tena, nilijisemea, huyo anakimbiza mbuzi. Alipotuona aliacha ungo, akaja mbio kumshika Mama Consolée mikono yote miwili.

"Madame, umefika mwenyewe. Kumbe umefika mwenyewe."

Akatoa viti, akatoa maji ya kunywa, akamwita binti yake mkubwa akamate kuku. Mama Consolée akasema kuku aachwe. Tukatoa pole, tukakabidhi begi. Odile akasema asante, mama mkwe aliugua kwa muda mrefu, Mungu amempumzisha. Nilimuuliza kwa adabu baba wa nyumba yuko wapi. Akasema Placide yuko Salamabila, kwenye dhahabu, mwaka wa tisa sasa, huja mara mojamoja tu, na kule ana nyumba nyingine. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha akauchukua ungo wake akaendelea na karanga.

Nilidhani sasa tutakunywa maji na kurudi.

"Odile," akasema Mama Consolée, "mi sikuya tu juu ya pole. Niko na neno."

"Sema, madame."

"Heri yako hakukufa na malaria. Ni mi nilimuua. Nilimuwekea damu ya ule mutoto wa Chimène. Nilisoma Heri, sikusoma jina ya baba. Nikauliza, huyu ni Heri? Chimène akasema ndiyo, na hakukosa. Nikamufungulia damu, nikaenda, sikubaki naye. Wakati ulirudi nilikuambia ni malaria. Nilikudanganya. Nimekudanganya miaka kumi na mbili."

Vidole vya Odile vilikuwa vimeshika karanga moja. Aliiangalia kana kwamba anatafuta kama imeoza.

"Wakati nilikuwa kwenye mto?" akauliza.

"Wakati ulikuwa kwenye mto."

"Juu ya jina?"

"Juu ya jina."

Akaitupa ile karanga pamoja na nzima. "Kama ningebaki, madame. Kama singeenda kufua. Angepona?"

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo Mama Consolée ajibu vizuri, na sikujua vizuri ni vipi.

"Kama ungebaki," akasema, "ningeita Mama Heri, na ninyi wawili mungeitika. Ningepatia ule mwenye iko karibu. Kosa haikuwa kwenye mto, Odile. Kosa ilikuwa kwenye mukono yangu. Mi sikusoma."

Odile akaweka ungo chini. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alianza kusema polepole, akimtazama mtoto wa kuku aliyekuwa anadonoa maganda, na yote aliyoyasema alimwambia yule kuku.

Alisema kwamba siku waliyomleta Heri nyumbani, mama mkwe aliuliza kitu kimoja: wewe mama ulikuwa wapi? Akajibu, nilikuwa mtoni ninafua nepi. Na mama mkwe akasema, basi umemuua kwa ajili ya nepi. Lilisemwa kwenye matanga, mbele ya watu wote. Baadaye likasemwa kisimani, likasemwa kanisani, na kila mtoto wa jirani alipougua walisema asipewe Odile kumshika. Placide alimtetea mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili. Mwaka wa tatu alinyamaza, kisha akaenda Salamabila. Hakuwahi kumtuma mtu amchukue.

"Na mi niliitika," akasema Odile. "Niliona iko kweli. Mutoto alikuwa kwenye mikono ya mutu mwingine. Hawa wengine wote nimewabeba. Shambani nimewabeba, mtoni nimewabeba. Huyu iko na miaka mitano, angalia miguu yake. Sijaachia mutu mutoto yangu hata dakika moja."

Yule mtoto, akisikia anatajwa, akaficha uso shingoni mwa mama yake.

"Odile, unisamehe," akasema Mama Consolée. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo darasani.

Odile hakujibu neno hilo. Naandika hivi ili asije mtu akasema alijibu. "Mama mukwe, alikuwa na miaka mbili hasimami," akaendelea. "Nilimulisha na mukono yangu. Nilimuogesha. Siku ya mwisho akaniita. Akanishika hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Akaniambia, Odile, ile mambo ya mutoto, nimekusamehe. Iko wiki tatu. Nami nikamushukuru. Nilipiga magoti, nikamushukuru."

Hapo ndipo Mama Consolée alipojifunika uso. Nami nilitazama ardhi, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kutazama. Miaka kumi na mbili ya kusema kiangazi ijayo, na tulikuwa tumechelewa kwa wiki tatu tu.

Odile alisimama. Akamfungua mtoto mgongoni, akamtazama kidogo, kisha akaniwekea mimi mapajani. Alifanya hivyo bila kusema kitu, na mtoto alikuwa mzito na wa moto, naye alinikodolea macho akiwa hajui afanye nini na mtu mwingine. Nilimshika kwa mikono yote miwili. Nilikuwa naogopa hata kupumua.

"Kuya huku, madame," Odile akamwambia mwalimu wangu.

Kaburi la mama mkwe lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, udongo wake bado mwekundu, na msalaba wa mti usiopakwa rangi. Nikawafuata na mtoto wangu wa kuazimwa. Odile alisimama upande mmoja, akamwonyesha Mama Consolée asimame upande wa pili.

"Umuambie," akasema.

Mama Consolée akamtazama.

"Umuambie ile umeniambia. Na useme kwa nguvu. Masikio yake ilikuwa mazito."

Mama Consolée alifuta mikono yake kwenye kitenge, kidole kwa kidole, kama anavyotufundisha. Halafu akaitazama ile ardhi na kuinua sauti, sauti ileile ya darasani, mpaka watu wa nyumba ya jirani wakatoka kusimama mlangoni.

"Mama Émérance, jina yangu ni Consolée. Mi ni wa Lusangi, wa Kasongo. Mi ndiye muuguzi. Heri, mutoto wa Placide na Odile, wa hapa Kamusonge, hakukufa juu mama yake alienda kufua. Mama yake hakufanya kitu. Ni mi nilimuwekea damu yenye haikuwa yake. Ni mi nilimuua, na nilinyamaza. Odile hakuwa na kitu ya kusamehewa."

Upepo uligeuza majani ya migomba. Wale majirani hawakusogea.

Odile alikuwa ameinama kidogo, sikio limeelekea kaburini, kama mtu anayengoja mgonjwa ajibu.

"Tena," akasema. "Hajasikia."

Mama Consolée akavuta pumzi, akaanza upya: jina lake, jina la baba yake, na anakotoka.